Mbio za Magodoro

Mimi naitwa Maroa, naendesha lori la miwa hapa Awendo, na kabla hujasikia kwa watu wengine wacha nikuambie mwenyewe: ndiyo, mama mkwe wangu alinishika mkono mbele ya shule nzima. Wanaosema alinibeba ni waongo. Hakunibeba. Alinivuta.

Kama wewe ni mtu wa Nairobi utasema, eh, kushikwa mkono ni nini? Kaa nikueleze. Mimi ni Mkuria wa Kehancha. Mke wangu Scovia ni Mjaluo wa Asumbi, kule Homa Bay. Mambo mengi tunabishana, lakini kwa hili moja kwetu na kwao ni sawasawa: mwanaume na mama mkwe wake hawagusani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na ukimwona anakuja njiani unajitoa pembeni apite. Mkigusana, hata kwa bahati mbaya, aliyemgusa mwenzake anatoa mbuzi ili aibu iishe. Nimeoa miaka kumi na mmoja sasa, na kwa miaka hiyo yote Mama Marcella hajawahi kuniangalia usoni wala kulitaja jina langu. Ananiita Wuon Emmah, yaani baba yake Emmah, na akiwa na neno la kuniambia, anauambia ukuta. Mimi pia namjibu kupitia ukuta. Tunaheshimiana sana kwa njia hiyo na sina shida naye hata kidogo.

Shida ililetwa na fomu.

Emmah ni binti yangu wa kwanza, ana miaka kumi. Shuleni kwao kuna bweni la watoto wasioona vizuri, wengine wametoka mbali huko mpakani, wengine Osiri kwenye machimbo ya dhahabu. Rafiki yake mkubwa anatoka huko Osiri, anaitwa Nyangi. Wanakaa dawati moja, na Emmah ndiye humsomea yaliyo ubaoni. Sasa bweni lile limejaa, magodoro hayatoshi, watoto wanalala wawili wawili. Nyangi analala na msichana mmoja ambaye, nasikia, usiku kucha anapiga mateke. Asubuhi mtoto anakuja darasani anasinzia.

Ndiyo maana shule inafanya mbio kila mwaka. Mzee mmoja mwenye duka la magodoro mjini Homa Bay, Mzee Ombati, aliahidi hivi: kila familia itakayomaliza mbio, yeye anatoa godoro moja, na familia hiyo ndiyo inachagua mtoto wa kulilalia. Kumaliza kwenyewe kuna masharti. Lazima kuwe na watoto, mzazi na bibi au babu, na mstari wa mwisho mvuke mkiwa mmeshikana mikono, wote, kabla kengele ya saa tano haijalia. Hii habari ya mikono ililetwa na ujanja wa watu. Mwaka juzi kuna familia walimficha bibi yao ndani ya miwa karibu na mwisho. Akakaa pale anakula muwa kwa raha zake, wao wakazunguka kilomita tatu nzima, wakaja wakamchukua na maganda kifuani. Tangu siku hiyo mwalimu mkuu, Madam Nyakerario, hataki mchezo.

Mwaka jana nilimwahidi Emmah nitakimbia naye. Nikaapa, tena kwa sauti. Siku yenyewe lori likazama kwenye matope shambani na mimi nikazama nalo. Nilifika shuleni saa nane mchana. Nilimkuta amekaa kando ya ua, peke yake, namba ishirini na saba bado imebandikwa kifuani. Hakulia. Aliniangalia tu akasema, "Ni sawa, Baba." Haki ya Mungu, angelia ningejua la kufanya. Ile "ni sawa" iliniuma mwaka mzima. Nyangi naye akabaki na mateke yake.

Kwa hivyo mwaka huu Emmah alipokuja na fomu, nikaiweka sahihi palepale, juu ya usukani, mandazi mdomoni. Sikusoma. Mimi sisomi kitu nikiwa na njaa. Nikamwambia, "Kwa bibi, jaza bibi yako." Nilijua nimemaliza.

Jumatano, siku mbili kabla ya mbio, nikaiona ile fomu mezani. Ilikuwa imeshapigwa muhuri wa shule. Kwa bibi imeandikwa, kwa mwandiko mzuri kabisa: Marcella, wa Asumbi.

"Emmah! Nani alikuambia uandike Dani?" Dani ndivyo watoto wanavyomwita bibi yao wa Asumbi.

"Si ulisema niandike bibi?"

"Nilimaanisha mama yangu mimi!"

"Lakini Baba, bibi wa Kehancha ana magoti mabaya. Hata kwenda chooni anasindikizwa." Akasita kidogo. "Na nimeshamwambia Nyangi godoro lake linakuja. Nimemwambia mwaka huu Baba yuko."

Nilitoka nje nikamtafuta Scovia. Alikuwa anaanua nguo, mimba ya miezi minane mbele yake. Nilipomwambia, alicheka mpaka akakalia beseni.

"Mimi na mama yako, Scovia! Tushikane mikono mbele ya watu!"

"Wacha kelele. Wewe utamshika Emmah, Emmah atamshika Levis, Levis atamshika Mama. Mko wanne, mna mikono minane. Mnashindwa aje kujipanga?"

Kweli, Levis nilikuwa nimemsahau. Ana miaka mitano, yuko shule ya chekechea palepale, kwa hivyo naye anahesabiwa. Nikahesabu kwa vidole. Mimi, Emmah, Levis, mama mkwe. Watoto wawili katikati. Nikapumua.

Alhamisi jioni Mama Marcella akafika kutoka Asumbi. Ana miaka sitini na minne, mwembamba, mkavu, anatembea kama mtu aliyeachwa na gari. Mkono mmoja kuku, mkono mwingine raba nyeupe, mpya, zimefungwa pamoja kwa kamba zake. Akasimama mlangoni, akaupa ukuta mgongo wangu, samahani, akanipa mimi mgongo, akauambia ukuta:

"Mwambieni Wuon Emmah nimekuja kukimbia. Sikuja kutembea."

"Mwambieni Mama karibu sana," nikalijibu kabati. "Na mwambieni asijali, mimi nitapunguza mwendo."

Ukuta haukujibu. Lakini nilimsikia Scovia jikoni akikohoa, na hakikuwa kikohozi.

Shule ilichagua Ijumaa kwa sababu Jumamosi Wasabato wako kanisani na Jumapili Wakatoliki. Lori nilimwachia Mayaka, dereva mwenzangu, na nikamwambia mapema aandae maneno ya kunipongeza. Nilijigamba, siwezi kuficha. Nilimwambia mtu aliyezoea kubadilisha gurudumu la lori peke yake atashindwa na kilomita tatu? Mayaka akaliangalia tumbo langu, akasema, "Nenda salama, ndugu yangu."

Uwanjani kulikuwa kumejaa. Madam Nyakerario alikuwa amevaa kofia kubwa, filimbi shingoni, kipaza sauti mkononi. Magodoro yalikuwa yamepangwa chini ya hema, na kando yao amekaa Scovia kwenye kiti, na Nyangi amesimama ameshika bega lake. Mtoto mwembamba, miwani minene, kichwa amekiinamisha upande mmoja akisikiliza. Emmah alimkimbilia, akamnong'oneza kitu, akarudi. Tukabandikwa namba: ishirini na saba. Ileile. Emmah akailainisha kifuani kwa kiganja.

Tukapanga mstari. Mimi, Emmah, Levis, Mama Marcella. Levis akamwangalia bibi yake, akaniangalia mimi, akauliza kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe, "Baba, mbona Dani hakuangalii? Ulimwibia?"

Watu wakaangua kicheko. Truphena wa chapati, aliyekuwa nyuma yetu na familia yake, alicheka mpaka namba yake ikabanduka. Mama Marcella akaiambia anga, "Mtoto ana maswali mazuri." Filimbi ikalia.

Nilitoka mbio. Nakuambia nilitoka! Nilimvuta Emmah, Emmah akamvuta Levis, tukapita familia tano, sita, tukaingia njia ya trekta katikati ya miwa tukiwa wa kwanza. Miwa imesimama huku na huku, watu wanapiga vigelegele, mimi nasikia niko kijana.

"Kuna watu wanakimbia kama wameona askari," Mama Marcella akaiambia miwa ya upande wa kulia. Hata hakuwa anahema. "Watachoka."

"Kuna watu wanaongea wakikimbia," nikaijibu ya kushoto. "Watakosa pumzi."

Emmah alikuwa anacheka, mkono wake umelowa jasho ndani ya wangu. Nilikuwa na furaha, nasema ukweli. Nilijiuliza mwaka jana nilikuwa natafuta nini kwenye yale matope.

Kilomita ya kwanza ilikuwa yangu. Ya pili tulifika mtoni, tukavuka ubao mmoja mmoja, na ng'ambo ya mto kikaanza kilima. Hapo ndipo mandazi yote niliyokula ndani ya lile lori miaka kumi na mitano yalipokuja kunidai haki yao. Pumzi ikakata. Truphena akatupita, ana mwili mara mbili yangu, akanipungia mkono. Familia ya mwalimu wa hesabu ikatupita. Babu mmoja mwenye bakora akatupita! Mama Marcella yeye alikuwa na mwendo uleule aliotoka nao getini. Mwanamke huyo amepanda milima ya kwao na mitungi ya maji kichwani tangu akiwa mtoto, mimi napanda lori. Levis alipochoka, alimtupa mgongoni, akamfunga kwa leso, mkono mmoja wa mtoto ukabaki umemshika Emmah, na bado hakupunguza mwendo.

"Baba, tuko karibu," Emmah akasema. "Naona hema."

Kweli tulikuwa karibu. Tuliingia uwanjani, zimebaki hatua themanini hivi, na Madam Nyakerario akatangaza, "Dakika tatu! Walio nyuma, dakika tatu!" Nikasema wacha nimalizie kama mwanaume. Nikaongeza kasi.

Mshipa wa mguu wa kulia ukakaza. Sijui niseme vipi. Ulikaza wote, kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti, nikaanguka chini puu, kama gunia la mahindi likitoka juu ya lori. Nikajaribu kuinuka, mguu ukakataa. Nikajaribu tena, nikapiga yowe ambalo si la mtu mzima.

Emmah akanivuta kwa mikono miwili. "Baba, amka. Baba, tafadhali, bado kidogo tu." Mtoto wa kilo ishirini na nane atanivuta mimi? Watu wakaanza kukimbia kuja kunisaidia, na Madam akapaza sauti: "Asiguswe na mtu wa nje! Familia peke yake! Dakika mbili!" Pale hemani Scovia amesimama, mikono kichwani. Nyangi anauliza, "Wamefika? Wamefika?"

Nikatambaa. Hatua moja, mbili, kwa viwiko. Vumbi mdomoni. Nikalala tena.

Emmah akaacha kuvuta. Akapiga magoti kando yangu, akanipangusa vumbi kwenye paji la uso, na akasema taratibu, kwa sauti ileile ya mwaka jana, "Ni sawa, Baba."

Moyo wangu ulipasuka. Sioni haya kusema. Nilikuwa nimekuja, nilikuwa hapo, na mtoto wangu alikuwa anajifunza tena kutonitegemea.

Mama Marcella alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu, Levis mgongoni, amegeuka pembeni kama inavyotakiwa. Aliisikia ile "ni sawa". Nilimwona anaisikia. Alimwangalia mjukuu wake, kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akageuka akaniangalia mimi. Machoni. Ana macho ya Scovia, kumbe, na siku zote hizo sikujua.

"Maroa!"

Jina langu.

"Maroa, inuka! Mtoto hatasema hivyo tena nikiwa hapa!"

Na akanishika mkono. Si kwa ncha ya vidole, hapana. Alinishika kifundo kizima, mkono mkavu, mgumu, wa jembe, akaegemea nyuma akavuta kama mtu anayeng'oa muhogo. Mimi na kilo zangu tisini na sita tukasimama. Bibi mmoja kwenye umati akapiga kelele, "Yawa!" na kikombe cha mtu kikaanguka. Mama Marcella hakujali. "Mguu wa kushoto. Haya. Wa kushoto tena. Emmah, mshike upande ule! Levis, mshike Emmah!"

Tukaenda. Mimi naruka kwa mguu mmoja, mkono wa kulia umeshikwa na mama mkwe, wa kushoto na binti yangu, na Levis, ambaye bado alikuwa mgongoni kwa bibi yake, amejinyoosha nyuma ya kichwa changu ili amfikie dada yake, ananipiga goti shingoni na kupiga kelele, "Kimbia Baba! Dani amekuangalia!" Tulivuka mstari wote kwa pamoja. Madam Nyakerario akainama, akahesabu mikono mmoja mmoja, akaturudia mara ya pili, akainua kidole gumba. Ndipo kengele ikalia.

Emmah hakunikumbatia. Alikimbia moja kwa moja hemani. Akamshika Nyangi mkono, akauweka juu ya godoro. Nyangi akalibonyeza. Akalinusa, ile karatasi ya nailoni inavyonuka dukani. "Ni la rangi gani?"

"Bluu. Lina maua."

Nyangi akavua miwani, akampa Emmah amshikie, akalala juu yake palepale uwanjani, na viatu vyake na soksi zake, akanyoosha mikono yote miwili kando mpaka ikafika mwisho wa godoro. Hakugusa mtu yeyote. "Niko peke yangu!" akasema, na akaanza kucheka. Mimi nilikuwa chini, Scovia ananikanda mguu, machozi yananitoka. Nilimwambia ni jasho. Akasema, "Ndiyo, jasho," akaendelea kukanda.

Emmah akaja baadaye, akaibandua namba ishirini na saba kifuani mwake, akaibandika kwenye shati langu. "Weka kwa lori," akasema. Iko kwenye kioo mpaka leo, Mayaka ataniambia nini?

Nilimtafuta Mama Marcella nimshukuru. Alikuwa ameshasimama kando ya ua, amenipa mgongo kama kawaida, anakunywa chai.

"Mama," nikauambia mti wa ua uliokuwa karibu, "asante. Mbuzi nitaleta mimi, nawaomba msamaha watu wote wa nyumbani kwenu."

"Ulizeni Wuon Emmah," akauambia mti uleule, "nani alimshika nani?"

"Lakini Mama…"

"Aliyeshika ndiye anayetoa. Asinichukulie mbuzi wangu."

Kesho yake asubuhi akarudi Asumbi, raba zake zimeoshwa na kufungwa kwa kamba.

Baada ya wiki mbili, Jumapili mchana, akarudi. Baba yangu mdogo alikuwa ametoka Kehancha, kavaa koti, aje ashuhudie mambo yaishe vizuri. Watu wa Asumbi walileta mzee wao pia. Tulikuwa tumekaa nje tukisubiri, na pikapu ikasimama getini, akashuka Mama Marcella. Mkononi ana kamba mbili. Mwisho wa kamba ya kwanza kuna mbuzi mweusi. Mwisho wa kamba ya pili kuna mbuzi mweupe, mkubwa kuliko yule wa kwanza.

Baba mdogo akasafisha koo. "Mama, tunashukuru. Lakini kwetu, kwa jambo kama hili, mbuzi huwa ni mmoja."

"Hata kwetu ni mmoja," akasema. Akamfunga mweusi kwenye nguzo, akamfunga mweupe kando yake, bila haraka. Kisha akaugeukia ukuta wa nyumba yangu.

"Mwambieni Wuon Emmah, huyu mweusi ni wa mwaka huu. Huyu mweupe ni wa mwakani. Nimemwona anavyokimbia."

Nikaugeukia ukuta na mimi. "Sawa, Mama," nikauambia.